Pumzi Njiani: Historia ya Kuwachukua Wagonjwa Mahututi katika Bukoba na Muleba

Historia ya tiba katika nchi ya Wahaya imezoeleka kuandikwa kama historia ya majengo. Hutajwa hospitali ya serikali ya Bukoba, hutajwa Ndolage ya Walutheri katika uwanda wa Kamachumu, hutajwa Rubya na Kagondo za Wakatoliki, na mwandishi akiisha kuyataja hayo huona kwamba kazi yake imekwisha. Lakini baina ya nyumba ya mgonjwa na hospitali ipo njia, na katika njia hiyo wamekufa watu ambao hawakuandikwa katika daftari lolote, kwa kuwa daftari huanzia mlangoni. Njia hiyo nayo ina historia yake. Wala si historia ya vyombo tu, yaani machela, mtumbwi, meli, baiskeli, gari na ndege, bali ni historia ya pumzi. Kwani mgonjwa aliye mahututi, akiwa amepoteza fahamu kwa malaria, au kwa kuumia kichwa, au kwa kifafa cha mimba, aweza kufa njiani si kwa ugonjwa ule alioondoka nao nyumbani, bali kwa kuzibwa hewa na mwili wake mwenyewe, tena mbele ya macho ya watu wanaompenda na wanaomtazama.

Hapana budi kuanza na maneno, maana waliombeba mgonjwa walimwona kwa maneno waliyokuwa nayo. Kiswahili hakikuwa na neno moja lililotengwa kwa ajili ya njia ile ipitishayo hewa tangu puani na kinywani hadi mapafuni. Kina koo, ambalo ni la chakula na hewa pamoja. Kina umio, ambalo ni la chakula peke yake. Kina koromeo na zoloto. Kina kidakatonge, neno zuri sana kwa umbo lake, lakini wengine hulitumia kwa kile kinyama kining'iniacho nyuma ya kinywa, ambacho pia huitwa kimio, na wengine kwa kifuniko cha njia ya hewa. Kwa mtu wa kawaida tofauti hiyo si kitu. Kwa mganga anayeingiza mpira kooni mwa mgonjwa asiye na fahamu ni jambo kubwa, maana kimio ataona akikifungua kinywa tu, na kile kifuniko hatakiona mpaka auinue ulimi kwa kifaa chenye taa. Zaidi ya hayo lipo neno roho, lililotoka katika Kiarabu, ambalo maana yake ni nafsi, na ambalo pia hutumika kwa koo: kumkaba mtu roho ni kumkaba koo. Katika Kiganda, lugha iliyo jirani na Kihaya, omwoyo ni roho, na ndilo neno la Roho Mtakatifu. Nalo ni ndugu wa moyo wa Kiswahili. Kwa hiyo wasemaji wa pwani na wasemaji wa ziwani, kila mmoja kwa njia yake, wameweka uhai na pumzi mahali pamoja. Mgonjwa akifa husemwa amekata roho. Usemi huo ni wa kweli kuliko wengi wanavyodhani.

Tena Kiswahili ni tajiri katika namna za kupumua. Kuna kuhema na kutweta, kuna kukoroma, kuna kwikwi. Kuna kupaliwa, yaani maji au chakula kuingia katika njia ya hewa, na kuna kusakamwa, yaani kitu kukwama kooni. Maneno haya mawili ya mwisho yanatenga mambo mawili ambayo matabibu nao huyatenga kwa makini, kwa sababu dawa yake si moja: aliyesakamwa hutolewa kilichomkwama mara moja, na aliyepaliwa aweza kuonekana mzima leo, kisha mapafu yake yakaharibika kesho. Lugha ilikuwa nayo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatia maneno hayo katika kazi ya kubeba wagonjwa.

Chombo cha kale kinachokumbukwa zaidi ni machela. Neno lenyewe ni la Kireno, nalo lilimaanisha kitanda cha kitambaa au kamba kilichotundikwa katika mti mrefu na kuchukuliwa mabegani. Ng'ambo ya mpaka, katika Ankole na Kigezi, machela huitwa engozi, na kwa jina hilo vimeitwa vyama vya vijiji ambavyo wanachama wake hubebeana wagonjwa na maiti, na asiyewabeba wenzake huogopa kutobebwa. Yaelekea engozi ni ndugu wa ngozi ya Kiswahili, maana neno hilo lilikuwa pia jina la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Na Wanyarwanda nao huita ingobyi vyote viwili, mbeleko ya mtoto na machela ya mgonjwa. Fikira hiyo ni ya upole mno: mgonjwa ni mtoto tena, na jamii ni mama yake. Lakini mwili wa mtu mzima aliyezimia si mwili wa mtoto aliye macho. Kitambaa kilichotundikwa kwa ncha mbili hulegea katikati, na alalaye ndani yake hupindwa: magoti juu, kidevu kifuani. Kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa hukunjika kama mrija wa mpira uliokunjwa. Ulimi nao, ukiwa umelegea kwa kupotewa na fahamu, huanguka nyuma na kulifunga koo. Mti wa machela ukipanda mlima, na njia za Muleba ni za kupanda na kushuka, mgonjwa huteleza upande wa miguu na shingo yake huzidi kukunjika.

Hapo ndipo lilipo kosa la neno moja. Mgonjwa wa namna hiyo hukoroma. Wabebaji waliposikia mkoromo walidhani kuwa amelala, nao wakafurahi, maana usingizi ni ahueni; tena kwa heshima wakaacha kumsumbua. Elimu ya mwili yasema kinyume. Mkoromo wa aliyezimia ni sauti ya hewa inayopenya katika tundu lililokaribia kuziba, na unaponyamaza, huenda si kwamba amestarehe, bali tundu limeziba kabisa. Kifua na tumbo huendelea kupanda na kushuka kwa zamu, kimoja kikiinuka na kingine kikididimia, na mtazamaji aliye mbali huona kwamba mgonjwa anapumua. Hewa haiingii. Baada ya dakika chache moyo nao husimama. Yote hayo yangezuiwa kwa tendo ambalo Kiswahili kina neno lake kamili, fupi, lisilohitaji kamati ya istilahi: mlaze ubavu. Chali, kifudifudi, ubavu. Kiswahili kimelitenga jambo hili kwa usafi.

Kituo cha Bukoba kiliwekwa na Emin Pasha mwezi wa Novemba 1890, na tangu hapo ziwa likawa njia ya wagonjwa kama lilivyokuwa njia ya kahawa. Mwaka 1907 Wajerumani waliweka kambi ya wagonjwa wa malale huko Kigarama, katika nchi ya Kiziba, wakati wa safari ya utafiti ya Robert Koch. Na waliougua wengi walikuwa watu waliokwenda kufanya kazi Uganda wakarudi na ugonjwa. Mgonjwa wa malale akifikia mwisho wake hulala asiamke, na hatari yake ni ileile ya ulimi na kidevu. Lakini elimu ya wakati ule haikuwa na la kumfaa. Njia ya kumrudishia mtu pumzi iliyosifiwa sana ilikuwa ile ya Edward Schafer ya mwaka 1903, ya kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongoni. Na tangu mwaka 1932 ikafuatiwa na ya Mdenmark Holger Nielsen, ya kukandamiza mgongo na kuinua viwiko. Zote mbili zilisukuma kifua zisiifungue njia. Hadi miaka ya 1957 na 1958 ndipo James Elam na Peter Safar, huko Marekani, walipothibitisha kwa vipimo kwamba hewa ipulizwayo kinywa kwa kinywa yatosha kumweka mtu hai, na kwamba kabla ya kupuliza, lazima kichwa kielekezwe nyuma na kidevu kiinuliwe. Yaani nusu karne nzima walimwengu walikuwa wakiisukuma hewa katika mlango uliofungwa, wala si Bukoba peke yake.

Katika miaka hiyohiyo yalitokea Copenhagen mambo mawili ambayo matunda yake yalifika hata Kamachumu. La kwanza ni la mwaka 1952, ugonjwa wa kupooza ulipowashika watoto na vijana wengi, na daktari Bjørn Ibsen akaelekeza koo litobolewe chini ya zoloto, mpira utiwe, na hewa isukumwe kwa mfuko wa mkono. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana wakikamua mifuko. La pili ni la mwaka 1956: Henning Ruben na mhandisi Holger Hesse walitengeneza mfuko unaojijaza wenyewe hewa baada ya kukamuliwa, baada ya mgomo wa madereva wa malori kutishia kukatiza oksijeni ya hospitali. Huo ndio ambubagi wa leo. Sifa yake kubwa ni hiyo ya kutotegemea mtungi. Kifaa kilichozaliwa kwa hofu ya malori kusimama katika mji tajiri kilifaa zaidi katika nchi ambayo malori hayo yalikuwa machache tangu mwanzo, na ambayo mtungi wa oksijeni ulipaswa kusafiri kwa reli na meli kabla ya kumfikia mgonjwa.

Ifaa kutaja hapa, japo kwa kupita, tukio la mwaka 1962 ambalo limeifanya Muleba ijulikane ulimwenguni kwa jambo lisilotarajiwa. Tarehe 30 Januari wasichana wa shule ya misheni ya Kashasha walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudishwa kwao, ugonjwa ulikwenda nao hadi Nshamba, na baadaye hadi shule ya Ramashenye karibu na Bukoba. Madaktari Rankin na Philip, walioeleza tukio hilo mwaka 1963, waliandika kwamba wenyeji waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka, au akajanja, wazimu. Habari hii husimuliwa kama kichekesho, na hilo ni jambo la aibu kidogo, maana waliopatwa walikuwa watoto wenye hofu. Kwa mada hii maana yake ni nyingine. Kicheko ni pumzi inayokatwa vipande vipande wakati wa kutoka. Na ndiyo mfano mmoja wa wazi wa ugonjwa uliosafirishwa kwa amri, kwa kuwa waliofunga shule walidhani wanawatuliza wagonjwa kwa kuwarudisha nyumbani, kumbe walikuwa wakiueneza.

Hospitali ya Bugando ilipofunguliwa Mwanza mwaka 1971, maana ya njia ilibadilika. Hapo zamani mwisho wa safari ulikuwa Bukoba au misheni iliyo karibu. Sasa Bukoba yenyewe ikawa kituo cha kupitia, na mgonjwa aliyeshindikana akapelekwa ng'ambo ya ziwa kwa meli, safari ya usiku kucha. Meli ya Victoria ilikuwa imeanza kazi mwaka 1961, na Bukoba ikafuata mwaka 1979. Katika meli mgonjwa hunyooka vizuri kuliko katika machela, lakini meli huyumba, na mwenye tumbo lililojaa hutapika. Aliyelazwa chali tena hana fahamu hupaliwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Msiba ule umelifunika kila jambo jingine katika kumbukumbu ya usafiri wa ziwa, na ni haki; ila wagonjwa wa mkoa walitegemea pia barabara ndefu ya kuzunguka kwa Biharamulo na Geita, iliyokatizwa na kivuko cha Kigongo na Busisi. Kivuko hicho kilikuwa sehemu ya ugonjwa wa kila aliyepita hapo hali yake ikiwa mbaya, maana gari liliposimama kungoja zamu, mtungi haukusimama. Daraja lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa mahali hapo tarehe 19 Juni 2025.

Ndege ina habari yake peke yake. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees waliasisi Afrika Mashariki utumishi wa madaktari warukao, ambao leo hujulikana kwa jina la AMREF. Watu wengi hudhani kwamba ndege ni machela iendayo kasi. Sivyo. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na katika kimo hicho hewa ina kanieneo ya milimita 663 hivi za zebaki, wakati pwani ni 760. Mtu mzima mwenye afya hata hajui kwamba katika kila pumzi anayovuta Bukoba anapata oksijeni pungufu kuliko ndugu yake aliye Tanga. Mgonjwa mwenye nimonia anajua. Ndege ndogo isiyo na chumba cha kuhifadhi kanieneo ikipanda mita 3,000, kipimo hushuka hadi karibu 525, na mambo mawili hutokea kwa pamoja: oksijeni hupungua zaidi, na kila hewa iliyofungiwa mwilini huvimba kwa zaidi ya robo ya ukubwa wake wa Bukoba. Huvimba hewa iliyovuja kati ya pafu na ubavu, ambayo chini ilikuwa kidogo isiyodhuru. Huvimba hewa ya tumboni na kulisukuma pafu kutoka chini. Huvimba hata kile kiputo kidogo kinachouzunguka mpira uliotiwa kooni ili usivuje, kikaubana ukuta wa koo mpaka damu isipite; ndiyo maana wako wanaokijaza maji badala ya hewa kabla ya kuruka.

Maarifa hayo yote hayamsaidii mtoto wa kijiji cha Muleba ambaye hatapanda ndege. Mwaka 2006 wilaya hiyo ilipatwa na mlipuko mkali wa malaria, na tangu mwaka 2007 nyumba zikaanza kupuliziwa dawa ya mbu. Mtoto mwenye malaria kali mara nyingi hupumua kwa nguvu na kwa kina, kifua kikiingia ndani, na mama husema kuwa anahema kama aliyekimbia. Mtazamaji hudhani ni nimonia. Wakati mwingine mapafu yake ni mazima kabisa. Damu yake imejaa asidi, na kwa kuhema huko mwili unaitoa asidi hiyo kwa njia ya hewa ya kabonidayoksaidi. Kuhema kwake ni tiba anayojipa mwenyewe. Mhudumu akimtia dawa ya usingizi na mpira, kisha akakamua mfuko polepole kama ampuliziavyo mtoto aliyetulia, amemnyang'anya tiba hiyo, na moyo waweza kusimama muda mfupi baadaye. Hili ni jambo gumu hata kwa waliosoma, kwa sababu macho huridhika: mtoto aliyekuwa akihangaika sasa ametulia. Ni kosa lilelile la mkoromo, limevaa koti jeupe.

Kile kifaa kinachobanwa kidoleni, ambacho asili yake ni kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi ya mwaka 1974, kimepunguza udanganyifu huo kwa upande mmoja. Huonyesha kwa tarakimu kiasi gani cha damu kimebeba oksijeni. Hakionyeshi asidi, wala hakionyeshi kwamba mgonjwa anayepewa oksijeni ya mtungi anapumua mara nne tu kwa dakika na kujazwa kabonidayoksaidi. Tarakimu yaweza kubaki nzuri mpaka karibu na mwisho. Basi jicho la msindikizaji kifuani halijapata mrithi.

Na msindikizaji huyo leo ni nani? Pikipiki imechukua nafasi ya baiskeli, na mgonjwa hukalishwa kati ya dereva na ndugu, kichwa kikianguka mbele kila penye shimo. Mwezi wa Aprili 2022 mpango wa m-mama ulizinduliwa kwa nchi nzima, ambao kwa simu ya namba 115 huwatafutia wajawazito, wazazi na watoto wachanga gari la wagonjwa, na likikosekana, gari la dereva wa mtaani aliyeandikishwa. Ni vyama vya machela vilivyorudi kwa njia ya simu, na pengine ndiyo sababu umeeleweka upesi. Lakini dereva si mganga, naye atamsikia mama mwenye kifafa cha mimba akikoroma kiti cha nyuma.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao. Walisalimika 24, wakafa 19. Yaliyosemwa baada ya hapo yalihusu zaidi kamba, milango na boti, nayo yalistahili kusemwa. Ila jambo la pumzi halikupewa nafasi kubwa. Aliyezama hufa kwa kukosa oksijeni, na anachohitaji kwanza, kabla ya kukandwa kifua, ni kupuliziwa hewa mara tano hivi, pale pale ufukoni au mtumbwini. Kumwinamisha ili maji yatoke, kama ifanywavyo katika fuko nyingi, hakutoi maji yaliyo mapafuni. Hutoa ya tumboni, na hayo ndiyo yatakayompalia.

Miezi minne baadaye, tarehe 21 Machi 2023, ilitangazwa kwamba homa ya Marburg imeingia Bukoba vijijini. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 2 Juni. Katika ugonjwa huo kumgusa kinywa mgonjwa ni kujiweka katika mauti, na kinywa kwa kinywa hakufikiriki. Mfuko wa Ruben na Hesse ulipata huko kazi ambayo wenyewe hawakuiwazia, ya kuwa umbali kati ya pumzi mbili.

Taasisi iliyo Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na wahudumu wengi wa mkoa husoma kwa Kiingereza, huulizana kwa Kiswahili, na humtuliza mzee kwa Kihaya. Katika makabidhiano ya mgonjwa mlangoni mwa hospitali hutumika sana neno amelala. Laweza kumaanisha kwamba amesinzia. Laweza kumaanisha kwamba yuko kitandani. Laweza kumaanisha kwamba amezimia. Anayepokea huandika alichosikia, na saa huwa imekwisha kupita kabla mtu hajauliza iwapo, huko njiani, alikuwa akikoroma.